Nafasi za Utafiti Denmark na Mashine Zilizolala Wodini

Mkunga yeyote aliyewahi kukesha katika wodi ya uzazi, iwe Mbagala, Temeke au Kinondoni, anaijua ambu. Ni mfuko wa mpira wenye barakoa mbele, unaokaa juu ya meza ya kumhudumia mtoto mchanga ukimsubiri yule atakayezaliwa bila kulia. Mkono ukiubinya, hewa huingia mapafuni. Mkono ukiuachia, mfuko hujijaza wenyewe. Hauhitaji umeme wala mtungi wa gesi. Kwa sababu hiyo watumishi wengi hawauhesabu hata kuwa ni mashine, na ni wachache waliowahi kujiuliza ulitoka wapi.

Ulitoka Copenhagen. Daktari wa usingizi, Henning Ruben, aliubuni akishirikiana na mhandisi Holger Hesse, nao ukaingia sokoni mwaka 1956 kwa jina ambalo leo limekuwa jina la kifaa chenyewe. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba mgomo wa madereva wa malori ulitishia kuzikosesha hospitali za Denmark mitungi ya oksijeni, na Ruben akaanza kutafuta mfuko ambao ungeweza kutanuka wenyewe bila kusukumwa na gesi. Katika sampuli ya mwanzo alitumia spoki za baiskeli. Fundi yeyote wa Tandika angeielewa sampuli hiyo kwa kuitazama mara moja.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila yanapotajwa matangazo ya nafasi za utafiti wa baada ya shahada ya uzamivu, katika uhandisi na teknolojia, yanayotolewa na vyuo vikuu vya Denmark na kuzungushwa katika simu za vijana wasomi wa Dar es Salaam. Kwa kawaida matangazo hayo hupokewa kwa namna mbili. Kijana huyaona kama mlango wa kuondokea. Mkuu wake wa kazi huyaona kama tundu ambalo mtaalamu mwingine atapenya na kutoweka. Wote wawili hawajayasoma vizuri, na anayelipia kosa hilo ni mgonjwa aliyelala karibu na mashine isiyofanya kazi.

Lianze kwanza suala la nafasi zenyewe, kwa sababu uvumi ni mwingi. Denmark ina vyuo vikuu vinane. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, kilichoko Lyngby nje kidogo ya Copenhagen, kilianzishwa mwaka 1829 na Hans Christian Ørsted, mwanasayansi yuleyule aliyegundua mwaka 1820 kwamba mkondo wa umeme huitikisa sindano ya dira. Chuo hicho kina idara nzima ya teknolojia ya afya. Aalborg nako kuna idara inayounganisha sayansi ya afya na teknolojia. Odense na Aarhus nazo zina vitivo vyenye nguvu vya uhandisi. Nafasi zinazotangazwa huko ni kazi. Neno hilo lisomwe polepole: ni kazi ya mkataba yenye mshahara na mchango wa pensheni, unaopangwa kwa makubaliano kati ya serikali na vyama vya wafanyakazi wasomi. Mwombaji halipi ada ya masomo kwa kuwa hasomi. Wala halipi chochote ili maombi yake yapokelewe. Mtu anayejitokeza Kariakoo au Buguruni akidai fedha ili "kumuunganisha" kijana na chuo cha Denmark ni tapeli, hata awe na ofisi yenye kiyoyozi.

Nafasi hiyo humtaka mtu aliyekwisha kuhitimu shahada ya uzamivu, au anayekaribia kabisa kuikamilisha. Tangazo hutaja tatizo mahususi la utafiti, hutaja vyeti na orodha ya machapisho vinavyohitajika, na hutaja siku ya mwisho ambayo haiongezwi kwa kubembeleza. Wataalamu huteuliwa kutathmini kama mwombaji ana sifa za kitaaluma zinazotakiwa, kabla chuo hakijachagua wa kuajiriwa. Mkataba una kikomo. Kwa kanuni za Denmark mtu hawezi kukaa katika cheo hicho kwenye chuo kimoja zaidi ya miaka minne. Watafiti wanaotoka nje wanaotimiza masharti wanaweza kuomba utaratibu maalumu wa kodi, wa asilimia 27 kwa muda usiozidi miaka saba, ambapo ukijumlisha na mchango wa soko la ajira makato hufika takriban asilimia 33. Kwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya kuna kibali cha ukaazi na kazi cha kuombwa, na majira ya baridi yasiyoombewa kibali chochote.

Hayo ni ya kiutaratibu, na mwenye nia atayajua. Lililo zito ni swali la kwa nini mhandisi wa vifaa tiba aliyekulia Yombo au Keko aende huko kabisa, wakati kwao kuna kazi tele.

Jibu moja limo kwenye kidole cha mgonjwa. Kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni hufanya kazi kwa kupitisha mwanga katika ngozi na kupima kiasi kinachonyonywa na damu. Ngozi yenye rangi nyeusi zaidi hunyonya mwanga kwa namna tofauti na ngozi nyeupe. Mwaka 2020, wakati dunia nzima ikitegemea kifaa hicho kuamua nani apewe oksijeni, madaktari wa Michigan nchini Marekani walilinganisha usomaji wake na vipimo vya damu ya ateri. Miongoni mwa vipimo ambavyo kifaa kilionyesha oksijeni kati ya asilimia 92 na 96, damu ilikuwa na upungufu uliofichika katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa wagonjwa weupe. Tofauti hiyo ilikuwa karibu mara tatu. Kifaa hicho hakikuwa kibovu, ila kilisanifiwa na kusahihishwa kwa kutumia miili ya watu wengi ambao hawakufanana na mgonjwa wa Temeke.

Hilo si jambo la kurekebishwa na semina ya siku mbili. Linarekebishwa pale kifaa kinapochorwa, mezani, na mtu ambaye swali la ngozi ya mama yake humjia kichwani bila kukumbushwa. Meza hizo kwa sasa ziko Lyngby, Aalborg na miji mingine kama hiyo. Kumzuia mhandisi wa Kitanzania asizifikie, kwa hofu kwamba hatarudi, ni kukubali kwamba vifaa vya kesho navyo vitasanifiwa bila yeye.

Jibu la pili ni la vumbi zaidi. Watafiti wawili, Perry na Malkin, walichapisha mwaka 2011 uchambuzi wa orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika hospitali za nchi 16 zenye kipato kidogo. Asilimia 38.3 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu walizozitaja zinafahamika na kila anayeshika funguo za stoo ya hospitali: mafunzo hayatoshi, usimamizi wa vifaa ni dhaifu, na miundombinu haikidhi. Mashine ya kuzalisha oksijeni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha katika chembechembe zinazonasa naitrojeni. Chembechembe hizo huharibiwa na unyevu, na kichujio cha mbele huzibwa na vumbi. Mashine iliyosanifiwa kwa chumba kikavu chenye umeme usioyumba haiwezi kudumu katika jengo lililo hatua chache kutoka barabara ya vumbi, katika jiji la pwani ambalo unyevu wake huozesha hata madaftari. Fundi wa hospitali hulijua hilo. Hulirekebisha kwa namna anavyoweza, kwa kipande cha sponji au waya alioutoa kwenye mashine nyingine iliyokwisha kufa, lakini maarifa yake hayaandikwi popote, na mtengenezaji hayapati kamwe.

Hapo ndipo mtafiti wa baada ya uzamivu angekuwa na thamani ambayo Denmark yenyewe haiwezi kuinunua kwingine. Angepeleka tatizo lililopimwa: volteji ya usiku, unyevu wa mwezi Aprili, idadi ya saa ambazo mashine imefanya kazi kabla ya kuzimika. Kwa bahati mbaya wengi huenda mikono mitupu. Hujibu tangazo jinsi lilivyo, hufanya kazi nzuri juu ya tatizo la mwenyeji, huchapisha, na wakirudi hugundua kwamba walichokijua hakina pa kushikiza. Lawama haiwezi kuwekwa kwa kijana peke yake. Ni nani aliyempa orodha ya matatizo ya wodini kabla hajaondoka? Hospitali nyingi hazina orodha ya aina hiyo. Zina kitabu cha mali, na katika kitabu cha mali mashine iliyokufa na mashine inayofanya kazi huandikwa kwa wino uleule.

Manispaa ya Temeke pekee ilihesabiwa kuwa na watu 1,346,674 katika sensa ya mwaka 2022, ilhali Kigamboni ilikwisha kumegwa kutoka kwake. Idadi hiyo inazidi mara mbili ya wakazi wa mji wa Copenhagen wenyewe. Ni idadi ya kutosha kuwa na maswali yake ya kisayansi bila kuyaazima. Na si kweli kwamba maswali hayo hayasikilizwi nje. Kwa zaidi ya miaka 10 sasa, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Uswisi wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu katika Temeke hiyohiyo, na mambo yanayojifunzwa kwao husomwa mbali sana na Mtoni kwa Azizi Ali.

Upande wa Denmark upo mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa umeanzia Zanzibar na kufika Dar es Salaam. Mradi wa PartoMa, wenye mizizi katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, ulianza katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Watafiti walitazama jinsi akina mama wenye uchungu wanavyofuatiliwa pale ambapo wakunga ni wachache na vitanda vimejaa. Wakaketi pamoja na wakunga na madaktari wa hapo, wakaandika mwongozo mfupi wa mfukoni unaolingana na hali halisi ya wodi hiyo, na kufuatisha mafunzo mafupi ya kujirudia. Katika mwaka wa utafiti, watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Baadaye kazi hiyo ikaendelezwa katika wodi tano za uzazi zenye msongamano mkubwa jijini Dar es Salaam. Hapakuwa na mashine mpya ya kujivunia. Kilichokuwapo ni mgeni aliyekaa muda wa kutosha kumsikiliza mwenyeji. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tafiti nyingi mwenyeji hubaki na fomu za kujaza, lakini hapo maneno hayo yalipata ushahidi wa tarakimu.

Uhandisi unahitaji mfano wa namna hiyo, nao haujaupata kwa kiwango cha kuridhisha. Misaada ya Denmark kwa elimu ya juu ya Tanzania ina historia ndefu. Mpango wa kuimarisha vyuo vikuu uliofadhiliwa na serikali ya Denmark uliwafikia Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na chuo cha tiba cha Kilimanjaro. Kilimo kilipata, afya ya jamii ilipata. Fundi wa vifaa tiba alibaki kuwa mtu wa kuitwa pale kitu kinapokwama.

Kuna wanaosema, na si bila sababu, kwamba nchi isiyo na wahandisi wa kutosha hospitalini haiwezi kumudu kuwatoa walio bora kwa miaka miwili au mitatu. Daktari anayeondoka huacha foleni inayoonekana. Mhandisi anayeondoka huacha ukimya, na mashine zinalala moja baada ya nyingine bila mtu kuhesabu. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini dawa inayopendekezwa, yaani kuwabana kwa kutowapa ruhusa, imekwisha kujaribiwa kwa madaktari na matokeo yake yanajulikana: mwenye nia huacha kazi kabisa, na taasisi humpoteza pamoja na njia ya kumrudisha.

Penye tatizo ni katikati. Mtumishi anayekwenda kusomea uzamivu ana utaratibu uliozoeleka wa ruhusa ya masomo. Anayekwenda kufanya utafiti wa baada ya uzamivu haingii vizuri katika fungu lolote, kwa sababu haendi kusoma na wala hajaacha kazi. Barua yake huzunguka kutoka meza hadi meza mpaka siku ya mwisho ya kuripoti Denmark inapita. Kanuni inayoitambua nafasi hiyo kwa jina lake, inayomhifadhia mtu cheo chake kwa muda maalumu, na inayomtaka arudi na tatizo lilelile alilokwenda nalo, ingegharimu karatasi chache tu. Haihitaji mfadhili.

Ifaa kukumbuka kwamba Denmark nayo iliwahi kuwa upande wa kutuma. Mwaka 1949 daktari kijana, Bjørn Ibsen, aliondoka Copenhagen kwenda Boston kujifunza utaalamu wa usingizi, akarudi mwaka uliofuata. Agosti 1952 polio ililipuka Copenhagen. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno za kusaidia kupumua, na katika wiki tatu za mwanzo wagonjwa 27 kati ya 31 waliowekwa kwenye mashine hizo walikufa. Daktari mwenzake alimkumbuka Ibsen, akashauri aitwe. Binti wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho alitobolewa koo, Ibsen akaingiza mrija, na kumpulizia hewa kwa mfuko uliobinywa kwa mkono. Binti akaishi. Takriban wanafunzi 1,500 wa udaktari walipangwa kwa zamu, usiku na mchana, kubinya mifuko kwa mikono yao, na vifo vikashuka kwa zaidi ya nusu. Kutokana na wodi hiyo ikazaliwa huduma ya wagonjwa mahututi inayojulikana duniani kote leo, pamoja na vyumba vyake vilivyoko Muhimbili.

Wanaosimulia kisa hicho husifu ujasiri wa Ibsen. Wachache humsifu yule aliyemkumbuka. Bila mtu ndani ya hospitali anayejua kwamba fulani amerudi, na kwamba amerudi na ujuzi gani, safari ya Boston ingebaki kuwa mstari katika wasifu wa kazi. Je, hospitali ya Dar es Salaam inajua leo ni wahandisi wangapi waliosomea humuhumu nchini wako Lyngby, Eindhoven au Seoul, na kila mmoja anashughulika na nini? Orodha ya namna hiyo ingeweza kutunzwa na karani mmoja. Mashine ya kupozea damu inapogoma, mtu angejua wa kumwandikia.

Vyuo vya Denmark navyo vina wajibu, na ni vizuri usemwe waziwazi badala ya kufunikwa kwa shukrani. Chuo kinachotangaza nafasi ya kusanifu kifaa cha bei nafuu kwa ajili ya nchi maskini, kisha kikamweka mtafiti miaka miwili bila kumruhusu kukaa hata mwezi mmoja katika wodi ya nchi hiyo, kinanunua maneno mazuri ya kuandika kwenye maombi ya fedha. Sehemu ya mkataba ifanyikie hapa. Fundi wa hospitali aliyetoa maarifa yake atajwe miongoni mwa waandishi wa makala, kama alivyo mwenye digrii. Na kifaa cha majaribio kikiisha kazi yake kisiachwe kona ya wodi kikiwa na kibandiko cha mradi ambao umekwisha kufungwa, bila kitabu cha matengenezo wala vipuri.

Jambo hili la mwisho linamhusu mgonjwa moja kwa moja. Anayeombwa kukubali kupimwa kwa kifaa kinachojaribiwa, awe mama mjamzito wa Buza au mzee mwenye kifua kikuu wa Chang'ombe, ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kifaa hicho kinafanya nini, kimejaribiwa kwa nani hapo awali, na kama kimethibitishwa kwa watu wenye ngozi kama yake. Ana haki ya kukataa bila kunyimwa huduma ya kawaida. Anaweza pia kuuliza swali ambalo fomu nyingi za ridhaa hulisahau: utafiti ukimalizika, mashine hii itabaki? Na ikibaki, nani ataitengeneza? Muuguzi anayeshika fomu ndiye atakayeulizwa kwanza. Kama hana jibu, aliandike swali hilo pembeni ya karatasi pamoja na tarehe, na amfikishie mtafiti kabla sahihi haijawekwa.